Kama, basi, la sivyo: somo la kompyuta linaloweza kuanza bila kompyuta

Boti kutoka Unguja inakaribia gati ya Mkoani, nawe unataka kumtumia kijana wako pesa ya nauli kwa simu. Unaandika namba ya siri, kidole kinateleza. Simu inasema umekosea, jaribu tena. Unakosea tena. Mara ya tatu akaunti inafungwa, na hapo hata ukiikumbuka namba yako vizuri kuliko jina la babu yako, haikusaidii mpaka uzungumze na huduma kwa wateja.

Hakuna mtu aliyekaa mahali akakuhukumu. Kilichokuhukumu ni sentensi. Kuna mtu aliiandika zamani, hakujui wala humjui, na kwa Kiswahili inasomeka hivi: kama namba ni sahihi, basi tuma pesa, la sivyo, hesabu kosa moja, na kama makosa yamefika matatu, basi funga.

Sentensi ya namna hiyo ndiyo somo la mwanzo mwanzo la mtu yeyote anayejifunza kuandika programu za kompyuta. Walimu wanaliita sharti. Tumeamua kulieleza kwa urefu kwa sababu linakuja skuli, na kwa sababu tunaona watu wengi wanalihofia mahali pasipo na hofu na kulidharau mahali penye shimo.

Linakuja kutoka wapi

Jirani zetu wa Kenya walitangulia. Aprili 2022 taasisi yao ya kukuza mitaala, KICD, iliidhinisha masomo ya kuandika programu kwa skuli za msingi na sekondari, yaliyotayarishwa na kampuni ya Kodris Africa. Tanzania Bara ilianza kutekeleza mitaala mipya Januari 2024, ikifuata Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023. Zanzibar, ambayo skuli zake ziko chini ya wizara yake yenyewe, nayo imeingia katika mtaala wa umahiri, yaani mtoto apimwe kwa anachoweza kufanya na si kwa alichokariri tu. Na watoto wetu wa kidato cha nne, wawe wa Kengeja au wa Mtambile, mwisho wanakaa katika mtihani uleule wa NECTA na wenzao wa Bara.

Wazee wengi hapa wakisikia habari hizi husema jambo moja: kompyuta ziko wapi? Ni swali la haki. Umeme tunao, tangu 2010 unapita chini ya bahari kutoka Tanga, lakini umeme si kompyuta, na chumba chenye kompyuta chache na darasa lenye watoto wengi ni hesabu isiyotoka.

Hofu yetu sisi iko pengine kidogo. Tunahofia kwamba somo la sharti litafundishwa kama msamiati wa Kiingereza. Lugha nyingi za kompyuta hutumia maneno "if" na "else". Mtoto ataandika daftarini kwamba "if" maana yake kama, atapata vema, na siku atakapoambiwa atunge sharti lake mwenyewe atakwama. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 iliwahi kuamua hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na wazazi wanajua ubishi uliofuata. Kwa somo hili ubishi huo haulazimiki. Sharti ni fikra kabla ya kuwa neno, na fikra hiyo inaingia vizuri kwa Kiswahili, kwa chaki na ubao.

Mita ya TUKUZA inavyofikiri

Chukua mita ya umeme ya TUKUZA ukutani kwako. Kazi yake unaweza kuiandika kwa mstari mmoja: kama yuniti zimebaki, basi pitisha umeme, la sivyo, zima.

Tazama sehemu tatu za mstari huo. Ya kwanza ni swali lenye majibu mawili tu, ndiyo au hapana. Kompyuta haina "labda", haina "kidogo", haina "tutaona kesho". Ya pili ni kazi ya kufanya jibu likiwa ndiyo. Ya tatu ni kazi ya kufanya jibu likiwa hapana. Hii ya tatu ndiyo inayosahaulika, na kusahaulika kwake tutakurudia.

Mita haijui kwamba ni usiku wa Ramadhani na daku haijapikwa. Haijui kwamba duka limefungwa. Imeulizwa swali moja, yuniti zipo au hazipo, na hilo tu ndilo inalojibu.

Msichana wa alama 80 aliyepewa D

Tuje kwenye kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya. Madaraja ya mtihani wa kidato cha nne yanajulikana: A ni 75 mpaka 100, B ni 65 mpaka 74, C ni 45 mpaka 64, D ni 30 mpaka 44, na chini ya hapo ni F. Mwanafunzi anaambiwa aandike maagizo ya kumsaidia mwalimu kugawa madaraja. Anaandika hivi:

Kama alama ni 30 au zaidi, basi andika D.
La sivyo, kama alama ni 45 au zaidi, basi andika C.
La sivyo, kama alama ni 65 au zaidi, basi andika B.
La sivyo, kama alama ni 75 au zaidi, basi andika A.
La sivyo, andika F.

Soma mstari mmoja mmoja, utasema kila mmoja ni wa kweli. Sasa mpitishe msichana mwenye alama 80. Mstari wa kwanza unauliza: ni 30 au zaidi? Ndiyo. Basi anaandikiwa D, na safari yake imeishia hapo, kwa sababu "la sivyo" maana yake ni kwamba mistari mingine husomwa tu pale wa juu ulipokataa. Skuli nzima itapata D na F. Hakuna A hata moja, na mwalimu atadhani watoto hawakusoma.

Dawa ni kugeuza mpangilio, uanze na 75 ukishuka chini. Hakuna neno jipya linaloongezwa. Maneno ni yaleyale, mpangilio ndio tofauti.

Kuna kosa jingine dogo linalojificha pembeni yake. Mtu akiandika "zaidi ya 75" badala ya "75 au zaidi", mwanafunzi aliyepata 75 kamili anaangukia B. Katika mazungumzo tunasema "zaidi ya 75" na kila mtu anaelewa tulichokusudia. Kompyuta haielewi kusudio. Aliyepata 76 hajui kama kuna tatizo, aliyepata 74 hajui, na yule mmoja wa 75 ndiye anayelia peke yake.

Meli ikifika, nipigie

Hapa tunaomba msikilizaji awe na subira, maana tunaingia kwenye lugha yetu wenyewe.

Kiswahili kina silabi moja yenye kazi nyingi: -ki-. Ukija, nitakupa. Mvua ikinyesha, sitokuja. Meli ikifika, nipigie. Tunaitumia tangu utotoni bila kuifikiria. Lakini jiulize, ukimwambia mtu aliyeko gatini "meli ikifika, nipigie", je, unamwambia "kama meli imefika sasa hivi, nipigie", au unamwambia "kaa hapo, itazame bahari, na wakati wowote meli itakapotia nanga, nipigie"? Bila shaka ni la pili. Mtu wa gatini analijua hilo. Atasubiri saa nzima, atakunywa chai, na meli ikitokea atapiga.

Sharti la kompyuta haliko hivyo. Kompyuta ikifika kwenye mstari wa "kama meli imefika", inatazama mara moja. Meli haipo? Inaruka, inaendelea na mstari unaofuata, na hairudi tena kutazama. Meli itatia nanga, abiria watashuka, mizigo itaisha gatini, na simu yako haitalia. Ukitaka iendelee kutazama, lazima uiambie irudie swali, na hilo ni agizo jingine kabisa.

Usidhani ni udhaifu wa Waswahili. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani Roy Pea aliandika juu ya makosa ya watu wanaoanza kuandika programu, na miongoni mwake lilikuwamo hilihili: mwanafunzi anadhani sharti lililokwishapitwa bado liko macho, linasubiri wakati wake. Wanafunzi hao walikuwa wanasema Kiingereza. Pea alisema chini ya makosa ya aina hii kuna imani moja, kwamba ndani ya mashine kuna akili iliyojificha inayoelewa unachotaka. Tunaona maelezo hayo yanatosha kabisa hata hapa. Mtoto anazungumza na kompyuta kama anavyozungumza na mjomba wake.

Na ile "la sivyo" tuliyosema tutairudia? Mama akimwambia mtoto "ukimaliza kufagia utakwenda kucheza", mtoto anasikia na upande wa pili usiosemwa: usipomaliza, huendi. Mama hakutamka upande huo. Binadamu hujazia. Kompyuta haijazii, usipoiandikia la kufanya jibu likiwa hapana, haifanyi kitu, inapita kimya, na kimya hicho ndicho kigumu kukigundua.

Sharti la zamani kuliko kompyuta: mirathi

Watu wa Mkoani hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa masharti yaliyopangwa kwa umakini. Vyuoni mwetu yanasomeshwa siku zote, katika elimu ya mirathi.

Mume amefariki, ameacha mke. Fungu la mke ni ngapi? Kama marehemu ameacha mtoto, basi thumni, yaani moja ya nane. La sivyo, robo. Hilo ni sharti kamili, lina swali, lina ndiyo yake na hapana yake. Na kabla ya swali hilo kuna mpangilio: kwanza mazishi na madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo mafungu. Ukibadilisha mpangilio, kila fungu linaharibika, kama ilivyokuwa kwa yule msichana wa alama 80.

Historia yenyewe inaunganisha mambo haya. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, aliandika kitabu cha aljebra ambacho sehemu yake kubwa ni hesabu za mirathi na wasia. Jina lake, lilipopita katika Kilatini, ndilo lililozaa neno linalotumika duniani leo kwa maagizo ya kompyuta yaliyopangwa hatua kwa hatua, algorithimu.

Sasa mpe kijana anayeanza kazi ya kuandika programu ya fungu la mke. Kuna uwezekano mkubwa ataandika: kama mke ana mtoto, basi thumni, la sivyo, robo. Inasikika sawa. Lakini swali limegeuzwa. Sheria inauliza juu ya mtoto wa marehemu, si mtoto wa mjane. Marehemu anaweza kuwa na mtoto wa mama mwingine, Unguja au Tanga, ambaye mjane hajawahi kumwona. Kwa mali ya shilingi milioni 24, jibu la kweli ni milioni 3. Programu ya kijana itatoa milioni 6, na milioni 3 za ziada zimetoka kwa mtoto asiyekuwepo barazani. Kosa ni la neno moja, na mwenye kudhulumiwa ana jina na sura.

Tena "mtoto" ni nani? Mtoto wa mtoto wa kiume naye anahesabika katika sharti hili. Wake wakiwa wawili, hawapati thumni mbili, wanagawana moja. Na mke akiwa mjamzito? Kompyuta inataka ndiyo au hapana leo, na jibu liko tumboni. Wanazuoni walilifikiria hilo zamani na wana njia ya kuweka fungu akiba. Kijana wetu asipolifikiria, programu yake haitamwambia kwamba amesahau. Itajibu tu, kwa ujasiri.

Mfano wa mwisho katika mlango huu tunaupenda kuliko yote. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja, hana mtoto wala wazazi. Mume ana nusu. Dada wawili wana theluthi mbili. Mali ni milioni 42. Nusu ni 21, theluthi mbili ni 28, jumla 49. Milioni saba hazipo! Kila sharti limejibiwa sawasawa, na hesabu imezidi mali yenyewe. Wanazuoni wanaiita hali hii aul, na suluhisho linalofuatwa na wengi tangu zama za Khalifa Umar ni kupunguza mafungu yote kwa uwiano: mali inagawiwa sehemu 7, mume apate 3 ambazo ni milioni 18, dada wapate 4 ambazo ni milioni 24. Yaani lazima mwishoni kuwe na sharti jingine: kama jumla ya mafungu imezidi mali, basi punguza kwa uwiano. Mwenye kuandika programu bila kulijua hilo ameandika mashine ya kugawa pesa zisizokuwepo.

Hatutoi fatwa hapa. Programu za mirathi zipo kwenye simu, na mwenye kuzitumia bado anahitaji kwenda kwa kadhi, hasa kwa sababu hajui nani aliandika masharti yake wala aliuliza maswali gani.

Masharti tuliyoandikiwa

Hilo la nani aliandika ndilo linalofanya somo hili lisiwe la watoto peke yao. Tarehe 20 Januari 2020 laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa nchini. Sharti lake lilikuwa na neno dogo sana ndani yake, "na": kama mtu ana namba ya NIDA na alama za vidole zinalingana, basi laini ibaki. Sharti lenye "na" linataka yote mawili. Wapo waliokwisha kujiandikisha lakini namba haijatoka. Wapo wenye namba, ila vidole vyao vimesuguliwa na miaka ya jembe na kamba mpaka mashine inavisoma kwa taabu. Wote hao kwa kompyuta ni jibu moja, hapana. Kama pangekuwa na "au" pahala hapo, wengi wao wangebaki hewani, ingawa matapeli nao wangepata mlango. Kuchagua "na" badala ya "au" ni uamuzi wa mtu, kabla haujawa kazi ya mashine.

Mikopo ya simu ni vivyo hivyo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hata zenye leseni huamua kwa masharti. Mkulima wa karafuu hupata pesa kwa msimu, kisha miezi mingi simu yake iko kimya. Kama sharti linauliza "je, amepokea pesa kila mwezi?", jibu lake ni hapana, hata akiwa na mikarafuu mingi kuliko karani mwenye mshahara. Hakuna aliyemchukia. Aliyeandika swali hakuwahi kuona msimu wa karafuu, basi.

Linaweza kuanza vipi hapa

Skuli yenye kompyuta inaweza kutumia Scratch, programu iliyotolewa na watafiti wa MIT ya Marekani mwaka 2007. Mtoto hapangi herufi, anapanga vipande vya rangi, na kipande cha sharti kina nafasi ya swali na nafasi ya kazi. Haina malipo, inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, na ikishapakuliwa kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti.

Isiyo na kompyuta ina karatasi. Mtoto mmoja anakuwa kompyuta, mwenzake anaandika maagizo ya kumfikisha kutoka mlangoni mpaka kwenye mtungi wa maji. Anayekuwa kompyuta afuate maandishi tu, asisaidie. Kama imeandikwa "kama kuna kiti mbele, basi geuka kulia" na haikuandikwa afanye nini baada ya kugeuka, ageuke mara moja tu abaki amesimama hapo mpaka wenzake wacheke. Sisi tunaamini dakika kumi za mchezo huo zinafundisha zaidi ya kurasa kumi za daftari, na mwalimu hahitaji kuwa amesomea kompyuta. Anahitaji kuwa mkali kwa yule anayesaidia.

Kwa walioko nyumbani tunaacha zoezi. Mnunuzi wa karafuu wa kubuni ameandika maagizo haya kwa ajili ya mzani wake, na namba ni za mfano tu:

Kama unyevu ni chini ya 12, basi nunua.
Kama unyevu ni zaidi ya 12 na chini ya 16, basi punguza bei.
Kama unyevu ni zaidi ya 16, basi mrudishie mwenyewe akaanike.

Kuna magunia ambayo mzani huu hautawaambia wenyewe lolote, hautanunua wala hautarudisha. Tafuteni ni yapi, kisha tuandikieni ujumbe mfupi mkitaja na mstari mnaoweza kuuongeza. Majibu tutayasoma hewani.